Je, ni kweli China iliinyang'anya Sri Lanka bandari ya Hambantota?

Swali: Mwalimu, salaam. Mimi ni wakala wa forodha hapa Kilindini, Mombasa. Barazani kwetu haipiti wiki bila mtu kusema kwamba Sri Lanka ilishindwa kulipa deni la China, China ikaichukua bandari, na kwamba Mombasa nayo iko njiani. Wengine hujibu kwamba huo ni uzushi wa Wamarekani. Nimechoka na ubishi wa hisia. Naomba unieleze ilikuwaje hasa, na sisi tuogope nini.

Jibu: Ndugu yangu, salaam zimefika.

Nianze na jibu lenyewe. Bandari ya Hambantota haikunyang'anywa kwa sababu ya kushindwa kulipa deni. Ilikodishwa kwa miaka 99 na serikali iliyokuwa ikihaha kutafuta dola. Kampuni ya Kichina ikatoa dola bilioni 1.12, na fedha hizo hazikwenda kufuta deni la bandari. Deni lilibaki pale pale, na Sri Lanka ikaendelea kudaiwa. Ukilishika hili la mwisho, mengine yote yatafunguka, kwa hiyo nitakaa nalo.

Kwanza mahali penyewe. Hambantota ni mji wa uvuvi na chumvi, kusini kabisa mwa kisiwa. Mabwawa ya chumvi yamekaribiana na nyumba za watu, na mjini kuna Waislamu wa asili ya Kimalei, ambao wazee wao waliletwa enzi za Waholanzi. Tarehe 26 Desemba 2004 ilikuwa Jumapili, siku ya gulio. Tsunami ilipoingia iliwakuta watu wamejaa sokoni na bidhaa zao. Mji ukabaki na msiba na umaskini, lakini mbele yake kulikuwa na kitu kimoja kilichowasumbua viongozi wake kwa miaka mingi. Maili kama kumi tu za baharini kutoka ufukweni ndiko inakopita njia kuu ya meli kati ya Asia ya mashariki na Ulaya. Usiku unaziona taa za meli zikipita moja baada ya nyingine, na hakuna inayosimama.

Ndoto ya kuzifanya zisimame ni ya zamani, na ilitangulia pesa za China. Kampuni ya Kanada, SNC-Lavalin, ilipewa kazi ya upembuzi yakinifu ikatoa ripoti mwaka 2003. Kampuni ya Denmark, Ramboll, ikaja na yake mwaka 2006. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba Wachina walikuja na ramani yao wakaitega Sri Lanka, mwambie kwamba ramani za kwanza zilichorwa na wataalamu wa nchi za Magharibi. Kilichokosekana kilikuwa mkopeshaji.

Novemba 2005 Mahinda Rajapaksa alichaguliwa kuwa rais, na Hambantota ndiyo wilaya ya kwao. Hapo sina haja ya kueleza sana, maana siasa za kwetu tunazijua. Rais alitaka bandari nyumbani kwao. Mwenyewe amesema India ndiyo iliyofuatwa kwanza, haikuonyesha hamu. Mwaka 2007 benki ya serikali ya China, China Exim, ikatoa mkopo wa dola milioni 307, na kampuni ya China Harbour ikapewa ujenzi. Riba ilikuwa asilimia 6.3. Watu wengi huitaja riba hii kama ushahidi wa hila, kwa hiyo nikufafanulie. Sri Lanka ilipewa kuchagua kati ya riba isiyobadilika na riba inayopanda na kushuka na soko la dunia. Wakati ule riba za dunia zilikuwa juu, ikachagua isiyobadilika. Mwaka uliofuata mabenki makubwa ya Marekani yakatikisika, riba za dunia zikaporomoka, na Sri Lanka ikabaki na asilimia 6.3 yake. Ilikisia vibaya, kama mfanyabiashara yeyote anavyoweza kukisia vibaya.

Bandari ilifunguliwa Novemba 2010, siku ya kuzaliwa kwa rais. Kulikuwa na mwamba mkubwa kwenye lango la kuingilia uliozizuia meli kubwa, na kuulipua kukagharimu takriban dola milioni 40 zaidi. Wataalamu walikuwa wameshauri bandari ianze kidogo kidogo na mizigo ya kawaida, ikishajipatia kipato ndipo ipanuliwe kwa ajili ya kontena. Serikali haikungoja. Mwaka 2012 ikachukua mkopo mwingine wa China, dola milioni 757, kwa awamu ya pili, wakati awamu ya kwanza bado inatambaa.

Wewe unaishi na meli, kwa hiyo tarakimu hii utaihisi mwilini: mwaka 2012 meli 34 ziliingia Hambantota. Mwaka huo huo Colombo, bandari kuu ya nchi, ilipokea meli 3,667.

Na haikuwa bandari peke yake. Mwaka 2013 ukafunguliwa uwanja wa ndege wa Mattala, karibu na hapo, nao kwa mkopo wa China, na baadaye maghala yake yakatumika kuhifadhia mpunga kwa sababu ndege hazikuja. Kulijengwa pia uwanja wa kriketi wa watu 35,000 katikati ya vichaka. Nilipita barabara za huko. Ni pana, laini, zimepigwa mistari vizuri, na kando yake kuna nyaya za umeme za kuwazuia tembo. Nilisafiri kwa dakika nyingi bila kupishana na gari. Dereva wa bajaji aliyenichukua aliniambia kwamba barabara ni nzuri sana, kisha akanionyesha bomba la maji la kijijini kwao ambalo halitoi maji siku nyingi za wiki.

Sasa tufike 2015. Januari ya mwaka huo Rajapaksa alishindwa uchaguzi na Maithripala Sirisena, aliyekuwa ameahidi kuichunguza miradi ya China. Serikali mpya ilipofungua vitabu ilikuta tatizo kubwa kuliko Hambantota. Nchi ilikuwa inaagiza nje kuliko inavyouza, akiba ya fedha za kigeni ilikuwa nyembamba, na malipo ya madeni ya nje yalikuwa yanakuja mfululizo. Mwaka 2016 ikakimbilia Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF), ikapata mpango wa dola bilioni 1.5. Haukutosha. Ikaanza kutafuta cha kuuza ili ipate dola, na bandari iliyokuwa ikila hasara ilikuwa kitu cha kwanza machoni pake.

Kampuni mbili za Kichina zilishindania, China Harbour na China Merchants. Serikali ikaichagua China Merchants na mkataba ukatiwa saini tarehe 29 Julai 2017. Kampuni hiyo ilipata asilimia 85 ya hisa katika kampuni kuu ya uendeshaji. Ukijumlisha na kampuni ya pili inayoshughulikia huduma za pamoja za bandari, Mamlaka ya Bandari ya Sri Lanka inabaki na kama asilimia 30 ya mradi wote. Ardhi imebaki mali ya serikali. Ukodishaji ni wa miaka 99, yaani hadi 2116.

Fedha ziliingia Benki Kuu kuimarisha akiba ya dola. Mkopo wa bandari ukahamishwa kutoka vitabu vya Mamlaka ya Bandari kwenda Hazina, na Hazina ikaendelea kuulipa.

Nikupe mfano wa kazini kwako. Tuseme ulikopa benki ukanunua lori. Lori halipati mizigo, linakaa chini ya mwarobaini. Wakati huo huo unadaiwa na watu wengine chungu nzima, na mmoja wao anataka pesa zake zote Ijumaa. Anatokea ndugu wa mwenye benki anakuambia: nikodishie hilo lori kwa miaka mingi, nikupe taslimu leo. Unakubali, unamlipa mtu wa Ijumaa. Benki bado inakudai deni la lori, kila mwezi, kama zamani. Akija mtu akasema benki ililikamata lori lako, amekosea. Lakini akija mwingine akasema hakuna kilichoharibika, huyo naye amekosea.

Sasa, huyo mtu wa Ijumaa ni nani? Huyu ndiye ninayetaka barazani kwenu mmjue kwa jina. Ni mwenye hatifungani, yaani mwekezaji aliyenunua hati ya deni ya serikali.

Mwaka huo huo wa 2007, serikali ile ile iliyosaini mkopo wa bandari iliuza hatifungani yake ya kwanza kwenye masoko ya fedha ya dunia, ya dola milioni 500. Baada ya hapo ikawa desturi, hasa vita vya ndani vilipokwisha Mei 2009 na nchi ikaanza kuhesabiwa kuwa ya kipato cha kati. Kuhesabiwa hivyo kunasikika kama sifa, na kwa kiasi ni sifa, lakini kuna gharama: mikopo nafuu ya Benki ya Dunia na ya nchi kama Japani, ya muda mrefu na riba ndogo, inapungua. Anayetaka kuendelea kujenga kwa kasi ile ile huenda sokoni. Na hatifungani ina tabia yake. Huilipi kidogo kidogo. Unalipa riba kila nusu mwaka, kisha siku moja, baada ya miaka mitano au kumi, unadaiwa mtaji wote kwa mkupuo, kwa dola. Kama huna, unauza hatifungani nyingine ulipe ya kwanza. Mambo huenda sawa mradi soko linakuamini. Siku linapoacha kukuamini huna pa kushika.

Kufikia mwishoni mwa 2021, hatifungani zilikuwa zaidi ya theluthi moja ya deni la nje la serikali. Wakopeshaji wa Kichina wote kwa pamoja, ukihesabu na mikopo ya mashirika ya umma, walikuwa kama moja ya tano. Waliobaki ni Japani, India, Benki ya Maendeleo ya Asia, Benki ya Dunia na wengineo. Hii ndiyo sababu nasema hadithi ya Hambantota imeelekeza macho ya watu kwenye mlango mmoja huku maji yakiingia kwa mwingine.

Lililotokea baadaye lilionyesha hivyo kwa uchungu. Pasaka ya 2019, tarehe 21 Aprili, magaidi walilipua makanisa na hoteli, watu zaidi ya 250 wakauawa, watalii wakakimbia. Novemba mwaka huo Gotabaya Rajapaksa, mdogo wake Mahinda, akachaguliwa kuwa rais. Wiki chache baadaye akapunguza kodi ya ongezeko la thamani (VAT) kutoka asilimia 15 hadi 8 na kufuta kodi nyingine kadhaa. Mapato ya serikali yakaanguka papo hapo, na mashirika ya kupima uwezo wa nchi kulipa madeni yakaishusha daraja. Soko la hatifungani likafunga mlango. Ikaja Uviko, utalii ukafa kabisa.

Mei 2021 akafanya jambo ambalo hadi leo linaniumiza nikilifikiria. Alipiga marufuku uagizaji wa mbolea za viwandani, kwa maelezo kwamba nchi inahamia kilimo hai, na hakuwapa wakulima muda wa kujiandaa. Wakulima wa mpunga na wa chai, watu wasiokuwa na deni la mtu yeyote, ndio waliobebeshwa mzigo wa kuokoa dola. Mavuno ya mpunga yakaporomoka na nchi iliyokuwa ikijilisha mchele ikaanza kuuagiza, kwa dola zile zile zilizokuwa zikiokolewa. Marufuku ikaondolewa Novemba, madhara yakiwa yameshatokea shambani.

Akiba ya fedha za kigeni, iliyokuwa karibu dola bilioni 7.6 mwishoni mwa 2019, ilishuka hadi kama bilioni 1.9 Machi 2022. Na hata hizo nyingi zilikuwa za kwenye karatasi tu. Takriban bilioni 1.5 zilikuwa yuan za China, za mpango wa kubadilishana sarafu, zenye sharti kwamba haziguswi akiba ikishuka chini ya kiwango cha miezi mitatu ya uagizaji. Yaani mwavuli unaofungwa mvua inapoanza kunyesha.

Tarehe 18 Januari 2022 Sri Lanka iliwalipa wenye hatifungani dola milioni 500, kwa wakati, bila kupunguza hata senti. Wanauchumi wa nchini humo walikuwa wameishauri serikali isilipe, iombe mazungumzo kwanza. Wakati malipo hayo yanafanyika, akina mama walikuwa wanapanga foleni za maziwa ya unga na gesi ya kupikia. Miezi miwili baadaye shule za Mkoa wa Magharibi ziliahirisha mitihani kwa kukosa karatasi na wino. Mitihani, ndugu yangu, kwa kukosa karatasi. Nikiulizwa ni siku gani nchi ile ilipotea njia, naitaja hiyo ya Januari kabla ya ile ya Julai 2017.

Tarehe 12 Aprili 2022 serikali ilitangaza kusimamisha malipo ya madeni ya nje, kwa mara ya kwanza tangu uhuru wa 1948. Vijana walikuwa wamepiga mahema katika uwanja wa Galle Face, ufukweni mwa Colombo, Wasinhala kwa Watamili, watawa wa Kibudha kwa masheikh, wakaliita vuguvugu lao Aragalaya, yaani mapambano. Dereva wangu wa bajaji alilala kwenye foleni ya petroli siku mbili, amejikunja kwenye kiti cha abiria, mpaka serikali ilipoanzisha kadi za msimbo wa kugawia mafuta. Tarehe 9 Julai umati uliingia ikulu. Dunia iliwaona wakiogelea kwenye bwawa la rais, lakini kuna jambo jingine ambalo mimi hulikumbuka zaidi: walikuta rupia milioni 17.8 taslimu ndani ya nyumba, wakazihesabu, wakazikabidhi kwa polisi. Gotabaya alikimbilia Maldives, kisha Singapore, akajiuzulu kwa barua. Septemba mfumuko wa bei za vyakula ulikuwa karibu asilimia 95.

Hapo sasa wale wa barazani wanaosema "uzushi wa Wamarekani" watashangilia. Wangoje kidogo.

Ni kweli kwamba msemo wa "mtego wa madeni" una historia yake ya kisiasa. Ulipewa umaarufu na Brahma Chellaney, mchambuzi wa India, mwaka 2017, na mwaka uliofuata Mike Pence, makamu wa rais wa Marekani, akaitaja bandari hii katika hotuba yake dhidi ya China. India na Marekani zina sababu zao za kuisimulia hadithi hivyo. Hata hivyo China haikuwa mtazamaji tu. Ilikopesha miradi ambayo mwenye macho angeona haitajilipa, kwa sababu mkandarasi ni wake, na mkandarasi hulipwa bandari ikipata meli au isipopata. Mikataba ilifungwa kwa usiri, kiasi kwamba bunge lenyewe la Sri Lanka halikujua nchi inadaiwa nini na kwa masharti gani. Na Januari 2022, Gotabaya alipomwomba Wang Yi, waziri wa mambo ya nje wa China aliyekuwa Colombo, msaada wa kupanga upya madeni, Beijing haikutaka kuligusa jambo hilo. Ilipendelea kukopesha upya ili deni la zamani lilipwe.

Kuna tukio dogo linaloonyesha sura nyingine ya uhusiano huo. Katika ile zahama ya mbolea, Sri Lanka iliagiza mbolea hai kutoka kampuni ya Kichina. Wataalamu wa karantini wakapima sampuli wakakuta bakteria hatari kwa mimea, wakaikataa shehena. Meli iliitwa Hippo Spirit, na ilikuwa na tani 20,000. Malipo yalipozuiwa, ubalozi wa China ukatangaza kuiweka benki kubwa ya umma ya Sri Lanka, People's Bank, kwenye orodha ya wasiolipa. Mwishowe Januari 2022 Sri Lanka ililipa dola milioni 6.7 kwa mbolea ambayo haikuipokea. Hakuna bandari iliyokamatwa, hakuna askari aliyeshuka. Lakini ukiwa mdeni, hata mtaalamu wako wa karantini sauti yake hupungua.

Upande wa kijeshi nitaupitia haraka, kwa sababu ndio unaopigiwa kelele zaidi na wenye ushahidi mdogo zaidi. Mkataba hauruhusu matumizi ya kijeshi bila idhini ya Sri Lanka, na jeshi la majini la nchi hiyo lilihamishia kamandi yake ya kusini Hambantota. Agosti 2022 meli ya Kichina ya kufuatilia setilaiti na makombora, Yuan Wang 5, ilitia nanga hapo licha ya India kulalamika. India ndiyo iliyokuwa imetoka kuisaidia Sri Lanka kwa karibu dola bilioni 4 za mikopo na unafuu mwaka ule ule wa njaa, kwa hiyo unaweza kufikiria jinsi Colombo ilivyobanwa kati ya wawili. Baadaye ilisimamisha kwa mwaka mzima wa 2024 ziara za meli zote za utafiti za kigeni. Kisiwa kidogo hujitafutia pumzi namna hiyo.

Na bandari yenyewe? Inafanya kazi. Inashughulikia hasa magari yanayopakuliwa na kupakiwa tena kwenda masoko mengine, na biashara ya mafuta ya meli. Ina hali bora kuliko ilivyokuwa chini ya serikali, na ni haki kulisema hilo.

Kuhusu madeni, IMF iliidhinisha mpango wa karibu dola bilioni 3 Machi 2023. China Exim ilikubali kupanga upya takriban dola bilioni 4.2 Oktoba mwaka huo. Kundi la nchi nyingine wakopeshaji, likiongozwa na India, Japani na Ufaransa, likakubali dola bilioni 5.8 Juni 2024. Wenye hatifungani ndio waliokuja mwisho, Desemba 2024, zaidi ya miaka miwili na nusu baada ya nchi kuacha kulipa. Katikati ya hayo, Septemba 2024, wapiga kura waliziacha koo zote za kisiasa walizozizoea wakamchagua Anura Kumara Dissanayake kuwa rais.

Sasa Mombasa. Hofu yenu ilianza mwaka 2018, barua ya ofisi ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ilipovuja ikieleza kwamba mali za Mamlaka ya Bandari zinaweza kuchukuliwa mkopo wa reli ya SGR ukishindikana kulipwa. Serikali ilikanusha. Novemba 2022 baadhi ya mikataba hiyo ilichapishwa, na nimeisoma. Kifungu kilichozua zogo ni cha kuondoa kinga ya nchi dhidi ya mashtaka: mkopaji anakubali kwamba akishtakiwa hatajificha nyuma ya hadhi yake ya kuwa nchi huru. Hicho si rehani ya bandari, na vifungu vya aina hiyo vimo pia katika hatifungani zinazouzwa London. Kilichonikera mimi ni kifungu cha usiri, kinachomzuia mkopaji kuyaanika masharti kwa watu wanaoulipa mkopo huo.

Mradi wa bandari ya Bagamoyo, Tanzania, nao huwa unachanganywa humu, na safari hii kuna uhusiano wa kweli, kwa sababu kampuni ni ile ile, China Merchants, ikishirikiana na mfuko wa serikali ya Oman. Makubaliano yalianza 2013. Mwaka 2019 Rais Magufuli aliusimamisha mradi akisema hadharani kwamba masharti yake, ikiwemo kukodisha kwa miaka 99, ni ya kukubaliwa na mwendawazimu tu. Naona alikuwa na haki ya kuyakataa. Ila Watanzania waliyajua masharti hayo kupitia kinywa cha rais, hawakuwekewa mkataba mezani wausome wenyewe. Siku akija rais wa kuyasifu, watalazimika kumwamini yeye vile vile.

Umeniuliza muogope nini. Muiogope tarehe. Kenya iliuza hatifungani yake ya kwanza ya kimataifa Juni 2014, na dola bilioni 2 za mtaji zilikuwa zinadaiwa kwa mkupuo Juni 2024. Kadiri siku ilivyokaribia, shilingi iliyumba na kila mtu aliyeagiza mzigo pale Kilindini alilipia zaidi. Wewe uliwaona wateja wako. Februari 2024 Kenya ilifanikiwa kuuza hatifungani nyingine ya dola bilioni 1.5 ili kuikomboa ile ya zamani, kwa riba ya asilimia 9.75. Ilivuka. Lakini ikabidi kodi zipandishwe, ukaja Muswada wa Fedha, na tarehe 25 Juni vijana wakaingia Bungeni Nairobi, wengine wakapigwa risasi. Nilipoziona picha zile nilikumbuka mahema ya Galle Face. Na ile siku ya Juni 2024 haikuwa ya Mchina yeyote.

Deni la SGR lipo, ni zito, na lina maswali yake. Lakini kwa kila mkopo unaotangazwa, uwe umetoka Beijing au London, kuna maswali matatu ambayo Sri Lanka haikuyajibu kwa wakati: unalipwa kidogo kidogo au kwa mkupuo, kwa sarafu gani, na hicho kinachojengwa kitaingiza sarafu hiyo kabla ya siku yenyewe? Bandari ya Hambantota ililipwa kwa dola huku ikiingiza karibu hakuna. Ya Mombasa inapokea meli kila siku, na hiyo ni tofauti kubwa ambayo barazani kwenu hamuizungumzii vya kutosha.

Mikataba ile ya SGR iliyochapishwa bado inapatikana. Chapisha nakala uende nayo barazani, anzeni na hivyo vifungu viwili, cha kinga na cha usiri, kisha tafuteni jedwali la malipo. Mkikwama kwenye lugha ya kisheria niandikie, nitawafafanulia kifungu kwa kifungu.